Kukarabati Seismomita ya Kale: Zoezi la Kuhoji Chombo Kabla ya Kukiamini

Utangulizi

Aghalabu katika stoo ya shule au chuo hupatikana vyombo vya sayansi vilivyoacha kufanya kazi zamani: mizani iliyopinda mkono, saa isiyotembea, galvanomita ambayo sindano yake imekwama. Vyombo hivi huandikwa katika leja ya mali, huhesabiwa kila mwaka, kisha hurudishwa rafuni. Mwalimu mgeni huonywa asiviguse, naye huwaonya wanafunzi wake vivyo hivyo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chombo kibovu, kikishughulikiwa kwa utaratibu, huweza kufundisha mengi kuliko chombo kizima. Chombo kizima hutoa jibu, na mwanafunzi hulipokea. Chombo kibovu humlazimisha mwanafunzi aulize kila sehemu ina kazi gani, na atajuaje kwamba jibu linalotolewa ni la kweli. Mfano tutakaoutumia ni seismomita, yaani chombo kinachohisi mitetemeko ya ardhi. Tutaeleza jinsi kinavyofanya kazi, jinsi mtu asiye fundi wa kazi hiyo anavyoweza kukikarabati, na jinsi mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kuipeleka njia hiyo darasani hata kama hana chombo chenyewe.

Kwa nini seismomita?

Sababu ya kwanza ni mahali tunapoishi. Bonde la Ufa hupita katika nchi zetu, na ardhi yake haijatulia. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipatwa na tetemeko ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyotokea Afrika katika karne ya 20. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitokea katika eneo la Ziwa Tanganyika. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilibomoa nyumba nyingi mkoani Kagera na kuua watu. Mwalimu anayepangiwa kazi Bukoba, Kigoma, Sumbawanga au Mbeya hana budi kutazamia kwamba siku moja atasimama mbele ya watoto waliolala nje kwa hofu.

Siku kama hizo uvumi huenea. Husemwa kwamba tetemeko litarudi usiku fulani, saa fulani, na kwamba wataalamu wameona katika vyombo vyao. Mtoto atamwuliza mwalimu kama ni kweli. Mwalimu anayejua seismomita inafanya nini ataweza kujibu bila kusitasita: chombo hiki huandika mtikisiko uliokwisha kukifikia, na hadi leo hakuna chombo kinachoweza kutabiri siku na saa ya tetemeko lijalo. Ataongeza kwamba baada ya tetemeko kubwa mitetemeko mingine hufuata mara nyingi, na kwa hiyo ni busara kutoingia katika nyumba iliyopata nyufa. Jibu hilo haliondoi hofu yote, lakini humpa mtoto kitu cha kushika.

Sababu ya pili ni muundo wa chombo chenyewe. Katika seismomita za kale karibu kila sehemu huonekana kwa macho, na kila sehemu ina sababu ya kuwapo. Ndiyo maana watu wasio wataalamu wamevutiwa nazo. Huko Göttingen, Ujerumani, seismomita zilizotengenezwa na Emil Wiechert mwanzoni mwa karne ya 20 hutunzwa na chama cha watu wa kujitolea, na moja kati yake ina tungamo la tani 17. Sindano zake bado huchora juu ya karatasi iliyopakwa masizi, kama zilivyochora tetemeko la San Francisco la mwaka 1906. Huko Marekani, mwaka 1979, jarida la Scientific American lilieleza muundo rahisi wa James Lehman ambao mtu angeweza kuujenga nyumbani, na watu wengi waliujenga. Vyombo vya aina hii sasa ni vya kale navyo huhitaji ukarabati. Ni aina hiyo tutakayoieleza.

Jinsi chombo kinavyofanya kazi

Ardhi inapotikisika, kila kitu kilichosimama juu yake hutikisika pamoja nayo: meza, rula, na mtu mwenyewe. Basi mtikisiko utapimwa kwa kulinganishwa na nini? Jibu ni kitu kizito kilichoning'inizwa. Abiria aliyesimama katika basi huelemea nyuma basi linapoondoka ghafla, kwa sababu mwili uliotulia hupenda kubaki ulipo. Vivyo hivyo, ardhi na fremu ya chombo zinaposogea, tungamo lililoning'inizwa hubaki nyuma kwa muda mfupi. Tofauti kati ya fremu iliyosogea na tungamo lililobaki ndiyo inayopimwa.

Hata hivyo, pendulamu ya kawaida ina upungufu. Tuuite muda wa kwenda upande mmoja, kurudi upande wa pili na kufika tena ilipoanzia kuwa muda wa bembea. Pendulamu yenye urefu wa mita 1 huwa na muda wa bembea wa takriban sekunde 2. Inahisi vizuri mitikisiko ya haraka, lakini mawimbi ya matetemeko ya mbali yanayopita juu ya uso wa dunia huenda polepole, mara nyingi sekunde 20 hivi kwa wimbi moja. Ili pendulamu ya kawaida ipate muda wa bembea wa sekunde 20, uzi wake ungehitaji urefu wa mita 100 hivi. Hakuna darasa lenye paa la kwenda juu kiasi hicho.

Ufumbuzi wake uko katika kila kijiji. Tazama mlango ambao nguzo yake imeinama kidogo: ukiufungua na kuuachia, hurudi wenyewe mpaka mahali pake pa kutulia. Nguzo ikiinama sana, mlango hurudi kwa kasi. Ikikaribia kusimama wima kabisa, mlango hurudi polepole mno. Seismomita ya aina hii ni mlango wa namna hiyo. Ina nguzo, na mkono uliolala ambao ncha yake moja huegemea chini ya nguzo. Karibu na ncha ya pili hukaa tungamo, na waya kutoka juu ya nguzo hulishikilia lisianguke. Kwa mwinamo usiofika hata nyuzi 1, mkono wenye urefu usiozidi mita 1 hupata muda wa bembea wa sekunde 20. Muundo huu huitwa pendulamu ya mlalo. Mnajimu wa Kijerumani, Ernst von Rebeur-Paschwitz, alikuwa na pendulamu ya namna hii mjini Potsdam, na tarehe 17 Aprili 1889 ilinasa mitikisiko ya tetemeko lililotokea Japani. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kujulikana kwamba tetemeko la upande mmoja wa dunia laweza kuonekana katika chombo kilicho upande mwingine.

Zimebaki sehemu mbili. Ya kwanza ni koili ya waya mwembamba wa shaba, iliyofungwa kwenye mkono na kukaa katikati ya sumaku iliyofungwa kwenye fremu. Koili inaposogea katika sumaku, umeme kidogo huzalishwa, nao hupelekwa kwenye galvanomita, kwenye kalamu ya kuchorea, au siku hizi kwenye kompyuta. Sehemu ya pili ni kitulizaji. Bila kitulizaji mkono ungeendelea kubembea muda mrefu baada ya ardhi kutulia, na mchoro ungeonyesha tetemeko lisilokuwapo. Kitulizaji chaweza kuwa bamba la shaba au alumini linalopita kati ya sumaku, au kibapa kinachozama katika mafuta.

Hatua za ukarabati

Kabla ya skrubu ya kwanza kulegezwa, mambo matatu yafanyike. Kwanza, apatikane idhini ya mwenye dhamana ya mali, na leja ionyeshe kwamba chombo kinakarabatiwa. Pili, chombo kichorwe au kipigwe picha kutoka kila upande, na kila waya ufungwe kipande cha karatasi chenye namba. Tatu, lifunguliwe daftari la kazi. Humo huandikwa tarehe, kilichoonekana, kilichofanywa, na kilichotokea baadaye. Mkarabati asiye na daftari hatakumbuka chombo kilikuwaje kabla hajakigusa.

Usalama nao uzingatiwe. Tungamo la vyombo vingi vya kale ni la madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kuligusa, na watoto wasilikwangue. Baadhi ya vyombo na saa za zamani vina swichi za zebaki, zikionekana, zisifunguliwe. Kinasa mtikisiko kinachotumia umeme wa ukutani kisiguswe na wanafunzi wa shule ya msingi.

Kazi yenyewe ifuate njia ya mtikisiko: kutoka sakafuni hadi nguzo, kutoka nguzo hadi mkono, kisha koili, na mwisho waya wa kutolea umeme. Tungamo litolewe kwanza, kwa maana likiachwa mahali pake laweza kukata waya au kuvunja egemeo. Kutu ya fremu iondolewe kwa brashi na msasa laini. Waya wa kushikilia ukaguliwe kwa kidole na kwa jicho. Wenye kutu au mkunjo ubadilishwe kwa waya wa unene uleule.

Egemeo ndilo linalohitaji uangalifu zaidi. Ni pale ncha ngumu inapogusa bamba gumu. Ikiwa bamba limechimbika, mkono hukwama katika shimo dogo ambalo jicho halilioni. Bamba ligeuzwe ili ncha iguse mahali papya, au libadilishwe. Si vema kutia mafuta hapo. Fundi wa baiskeli huzoea kutia mafuta kila kinapokwama, lakini katika egemeo la seismomita mafuta hukusanya vumbi, na vumbi huleta msuguano uliokuwa ukikimbiwa.

Katika sumaku adui ni chembe za chuma. Zikikaa katika pengo hugusa koili na kuizuia. Zitolewe kwa utepe wa gundi uliofungwa kwenye kijiti. Sumaku yenyewe isitolewe katika chuma chake, kwani sumaku nyingi za zamani hupoteza nguvu zikitolewa, wala isigongwe. Koili ipimwe kwa mita ya umeme. Mita ikionyesha kwamba umeme haupiti kabisa, waya umekatika mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye ncha ilipolehemiwa. Ianzwe hapo kabla ya kufikiria kusuka koili mpya.

Katika yote haya ikumbukwe kwamba kukarabati si kukifanya chombo kiwe kipya. Sehemu ya asili inayoweza kutumika ibaki. Sehemu mpya iwekewe alama, na iwekwe kwa namna ambayo mtu wa baadaye ataweza kuitoa. Sehemu zilizotolewa zifungwe katika mfuko na kuhifadhiwa pamoja na daftari.

Kukihoji chombo

Hapa ndipo wengi hukosea. Chombo kikianza kuchora, hushangiliwa na kazi huhesabiwa imekwisha. Lakini seismomita iliyokarabatiwa vibaya nayo huchora! Upepo unaoingia dirishani, buibui aliyetandaza uzi wake kwenye mkono, au lori linalopita barabarani, vyote huandika mistari. Chombo kinachosema uongo ni kibaya kuliko chombo kilicho kimya, kwa sababu kilicho kimya hakimdanganyi mtu. Kwa hiyo chombo kipewe majaribio manne.

(i) Jaribio la kurudi. Weka kadi nyembamba chini ya skrubu moja ya pembeni. Mkono utasogea, pima kwa rula umesogea kiasi gani. Ondoa kadi. Mkono usiporudi mahali uleule, egemeo lina msuguano au kuna kitu kinachogusa. Rudia mara tano.

(ii) Jaribio la muda wa bembea. Ondoa kitulizaji, tenga koili, sukuma mkono kidogo na uhesabu mibembeo 10. Ikichukua sekunde 120, muda wa bembea ni sekunde 12. Skrubu ya mbele, iliyo upande wa tungamo, ikiinuliwa kidogo, mwinamo wa nguzo hupungua na muda huongezeka. Ikizidishwa, mkono hupoteza kituo chake na kuangukia upande mmoja. Skrubu mbili zilizo upande wa nguzo hutumika kuuleta mkono katikati.

(iii) Jaribio la utulizaji. Rudisha kitulizaji, sukuma mkono na uuachie. Urudi kwenye kituo, uvuke kidogo sana, kisha utulie. Ukibembea mara nyingi, utulizaji ni mdogo. Ukirudi kwa kujikokota bila kuvuka, umezidi.

(iv) Jaribio la koili. Unganisha ncha mbili za koili kwa kipande cha waya, kisha sukuma mkono tena. Ukitulia upesi kuliko ncha zilipokuwa wazi, koili ni nzima na sumaku ina nguvu, kwa maana umeme unaozalishwa huupinga mwendo uliouzalisha.

Baada ya hapo chombo kifunikwe kwa sanduku lisilopitisha upepo, kikae juu ya sakafu ya saruji iliyoshikana na ardhi, mbali na miti mikubwa na barabara. Mwisho ushahidi wa nje utafutwe. Idara ya Uchunguzi wa Jiolojia ya Marekani hutangaza mahali na saa ya matetemeko ya dunia nzima. Mchoro ukilingana na tangazo mara moja, huenda ni bahati. Ukilingana mara kumi, tunaweza kuanza kukiamini chombo.

Kuipeleka njia hii darasani

Walimu wengi hawatapata seismomita ya kale, na si lazima waipate. Mfano wake hutengenezwa kwa ubao uliosimamishwa, kijiti cha sentimita 50, chupa iliyojazwa mchanga kuwa tungamo, na waya wa kuishikilia. Kwa egemeo tumia msumari ulionolewa unaogusa bamba la chuma. Kitulizaji kitakuwa kipande cha bati kinachozama katika kopo la mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika. Sumaku hupatikana katika spika ya redio mbovu, na waya mwembamba katika transfoma iliyoungua. Mfano huo hautanasa tetemeko la Japani, lakini utaonyesha kila kanuni tuliyoieleza. Katika Darasa la Sita, vipindi vitatu vyaweza kupangwa hivi:

Kipindi cha kwanza: Wanafunzi wachunguze milango ya shule na kutafuta ule unaojifunga wenyewe. Wapime nguzo yake kwa timazi, yaani uzi wenye jiwe. Waeleze kwa maneno yao kwa nini mlango hurudi. Neno pendulamu litajwe baada ya maelezo yao, si kabla.

Kipindi cha pili: Wasimame katika mstari, kila mmoja akiwa ameshika mabega ya mwenzake. Wa nyuma asukume mbele polepole, na msukumo upite mstari mzima. Hilo ni mfano wa wimbi la kwanza. Kisha ayumbe kushoto na kulia. Hilo ni mfano wa wimbi la pili. Mwalimu aeleze kwamba katika miamba ya juu ya dunia wimbi la kwanza huenda takriban kilomita 6 kwa sekunde, na la pili kilomita 3.5. Kwa tetemeko la karibu, kila sekunde 1 ya tofauti kati ya mawimbi hayo ni takriban kilomita 8 za umbali. Basi wakokotoe: tofauti ikiwa sekunde 30 katika kituo cha Dodoma, tetemeko lilikuwa umbali gani? Watapata kilomita 240. Wachore duara kwenye ramani wajionee kwamba kituo kimoja hakitoshi kujua mahali, na kwamba vinahitajika vituo vitatu.

Kipindi cha tatu: Hiki ndicho kiini cha mpango wote. Kabla ya kipindi mwalimu auharibu mfano kwa makusudi: afunge uzi mwembamba unaogusa mkono, au aweke kipande cha chuma katika pengo la sumaku, au apunguze mafuta ya kitulizaji. Kila kundi lipewe nafasi ya kutafuta kasoro, likiandika mambo manne: dalili, dhana, jaribio na matokeo. Sharti liwe moja tu, kwamba kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayebadilisha vitu vitatu na chombo kikapona hajui ni kipi kilichokiponya, na kesho hataweza kukiponya tena.

Katika kutoa maksi, mwalimu asilipendelee kundi lililomaliza kwanza. Kundi lililokisia vizuri na kumaliza kwa dakika mbili limejifunza kidogo kuliko kundi lililokuwa na dhana tatu, likazipima zote, likakuta mbili si za kweli na kuziandika hivyo. Dhana iliyopimwa na kukataliwa ni kazi halali ya sayansi, na ihesabiwe katika maksi.

Hitimisho

Mwalimu mtarajiwa atakayetumia njia hii atagundua kwamba haihusu matetemeko peke yake. Mizani ya duka la kijiji, kipimajoto cha zahanati, saa ya shule na hata habari inayosomwa katika simu, vyote hutuambia jambo na kututaka tuamini. Mtoto aliyezoea kuuliza kama mkono umerudi mahali uleule kadi ilipoondolewa, amepata swali la kuviuliza vyombo hivyo vyote. Basi tuanze na kile kilicho rafuni mwetu. Leja ifunguliwe, idhini iombwe, na chombo kimoja kibovu kiwekwe mezani mbele ya wanafunzi.